Boti ya Mbwa Ingekuwa Inashinda Kweli, Staa Wako Asingekuuzia kwa Elfu 30

Ukifungua Instagram siku hizi huwezi kumaliza stori kumi bila kukutana na mbwa. Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina liachwe maana wanaomjua washamjua, ambaye karibu mwaka mzima hajatoa ngoma lakini kila asubuhi anaposti mkeka wa kijani. Kuna na dada mmoja wa Bongo Muvi ambaye zamani alikuwa anauza mawigi, sasa hivi anauza "boti". Na kuna mtangazaji mmoja, yule mwenye sauti nzito, ambaye akimaliza kipindi anaingia mubashara kuonyesha jinsi laki moja ilivyogeuka laki saba kabla hajanywa chai.

Bidhaa yao ni moja. Unatuma elfu 30 kwa simu, unaingizwa kwenye grupu la Telegram, unapewa programu inayokuchagulia mbwa au farasi wa kumwekea hela. Kazi yako kubonyeza tu. Mbwa ni wa nani, anakimbilia wapi, juzi alishika namba ngapi, hayo hayakuhusu, kompyuta inajua. Na kama kuna mtu anafikiria boti ya Zanzibar, hapana, ile ukikata tiketi angalau unajua inafunga gati wapi.

Kwenye komenti watu wamegawanyika. Upande mmoja unasema huu wote ni utapeli, kompyuta haiwezi kujua mbwa gani atashinda. Upande wa pili unasema Wabongo ndo zetu, kila teknolojia ikija tunaiita uchawi, halafu wenzetu wakitusua tunaanza wivu.

Ukweli mchungu ni kwamba pande zote mbili zimekosea. Programu zinazoshinda kwenye farasi na mbwa zipo, zimekuwepo zaidi ya miaka 30, na zimetengeneza matajiri wa kweli. Ndo maana uongo huu unauzika, una ukweli ndani yake. Ila hakuna hata moja kati ya hizo inayouzwa kwenye stori za Instagram, na mtu akishaelewa kwa nini haiuzwi, mjadala umeisha.

WALIOTUSUA KWELI

Anza na Mmarekani anaitwa Bill Benter. Huyu alikuwa mhesabu karata kwenye makasino ya Las Vegas mpaka wakamfungia milango. Katikati ya miaka ya 1980 akahamia Hong Kong pamoja na Mwaustralia mmoja, Alan Woods. Hong Kong mbio za farasi ni kama Simba na Yanga huku, mji mzima unajua nani anakimbia leo. Benter akaandika programu ya kumpima kila farasi: mbio zilizopita alikimbia vipi, kapumzika siku ngapi, kabeba uzito gani, anaanzia geti namba ngapi, nani kampanda.

Unajua kilichotokea mwanzoni? Walipigwa. Kwenye mtaji wa dola 150,000, kama 120,000 ziliyeyuka. Hapo ni mtu mwenye akili ya hesabu, anayefanya kazi hiyo usiku na mchana, na bado alikaribia kurudi kwao mikono mitupu.

Ilimchukua miaka kuirekebisha. Mwaka 1994 aliandika ripoti akaeleza wazi kilichomsaidia: programu yake peke yake ilikuwa haitoshi. Ilianza kuwa kali pale alipochanganya hesabu zake na odi za watu wote, kwa sababu odi nazo zimebeba habari. Mchunga farasi anajua kitu, mwenye farasi anajua kitu, wazee waliokaa uwanjani miaka 40 wanajua kitu, na vyote hivyo viko ndani ya odi. Kwa hiyo hata aliyetengeneza boti kali kuliko zote hakuwadharau watu. Aliwasikiliza kwanza, halafu akatafuta sehemu ndogo waliyokosea.

Mwaka 2001 watu wake walipatia dau moja gumu kuliko yote pale, la kutaja farasi watatu wa kwanza kwenye mbio tatu. Zawadi ilikuwa zaidi ya dola milioni 10. Tiketi ikaachwa bila kudaiwa, na hela isiyodaiwa pale huenda kwenye misaada. Linganisha na staa wa huku, akishinda elfu arobaini anatengeneza video ya dakika tatu.

Mwingine ni David Walsh wa Tasmania, Australia. Hela ya kubeti kwa hesabu za kompyuta ndo iliyomwezesha kujenga MONA, jumba la makumbusho la sanaa mjini Hobart lililofunguliwa 2011. Watu wanapanda ndege kwenda kuliona. Hajawahi kusikika akiuza nafasi kwenye grupu.

KWA NINI BOTI YA KWELI HAIUZWI

Hapa ndo penye somo, na hesabu zake ni za darasa la saba.

Hong Kong na sehemu nyingi zenye mbio za farasi, hela zote za wabetiji zinaingia kwenye chungu kimoja. Mwenye mbio anakata chake, kinachobaki wanagawana waliopatia. Maana yake unashindana na wabetiji wenzako, na kadiri wengi wanavyomchagua farasi wako, ndivyo mgao wako unavyopungua.

Chukua mfano. Chungu kina milioni 10. Mwenye mbio anakata asilimia 20, inabaki milioni 8. Kwa farasi namba 4 zimewekwa milioni 2. Akishinda, kila shilingi inarudi na shilingi 4. Safi kabisa. Sasa mwenye boti anaamua kuwa na roho nzuri, anawauzia watu elfu moja siri hiyo hiyo, nao wanaongeza milioni 2 nyingine kwa namba 4. Chungu kinakuwa milioni 12, yakikatwa makato inabaki milioni 9.6, na waliomchagua namba 4 wana milioni 4. Kila shilingi inarudi na 2.40. Farasi ni yuleyule, ushindi ni uleule, ila mwenye boti karibu nusu ya mgao wake kaigawa kwa hiari. Nani anafanya hivyo kwa elfu 30?

Kuna watakaosema, sawa, lakini kuna sehemu kampuni yenyewe inakupa odi na unabeti dhidi yake. Ni kweli, Uingereza ndo mtindo mkubwa. Ila kampuni za kule zina tabia inayojulikana: ukishinda sana, akaunti yako inabanwa. Unataka kuweka pauni 100, unaambiwa mwisho wako 2. Kampuni sio mama yako mzazi, ikiona unaishinda kwa mpangilio inakutoa kistaarabu.

Kuna Betfair nayo, ilianza mwaka 2000, ambako watu wanabetiana wenyewe kwa wenyewe na programu zinaruhusiwa. Kule boti ni za kawaida, tena zinakimbizana kwa sekunde. Lakini maana yake boti yako ya elfu 30 inakutana na boti ya watu wenye data za miaka 20, mashine kali na mtaji. Na tangu 2008 wale wanaoshinda mfululizo waliwekewa makato ya ziada. Hata pale palipo wazi kabisa, kushinda kuna gharama.

Mbwa nao ni hivyo hivyo. Uingereza mbio zao zilianza Manchester kwenye uwanja wa Belle Vue mwaka 1926, wanakimbia sita sita, namba 1 jezi nyekundu, namba 2 bluu, mpaka namba 6 ya mistari myeusi na myeupe. Programu inaweza kusoma muda wa kila mbwa, anavyotoka kwenye geti, anapenda kukata kona ndani au nje. Vyote hivyo vinapimika. Ila mbio ya kawaida ya mchana wa Jumanne haina hela nyingi ndani yake. Watu hamsini wakimvamia mbwa mmoja kwa pamoja, odi inaporomoka kabla wa hamsini na moja hajabonyeza.

KIBANDANI HAKUNA MBWA

Mpaka hapo ni mbio za kweli, zenye mnyama wa kweli anayeweza kuamka na mguu unauma. Sasa tembea mpaka kibanda chochote cha kubeti, Manzese, Mbagala, Buguruni, popote. Mbwa wanaokimbia kwenye ile runinga kila baada ya dakika chache hawapo duniani.

Ni mchoro wa kompyuta. Matokeo yanachaguliwa na mashine inayochomoa namba kwa bahati, halafu katuni inafuata kukuonyesha kilichoshaamuliwa. Yule mbwa wa jezi nyekundu hajala, hajalala, hajaumia, hana mazoezi wala mwalimu. Aliyeongoza mpaka kona ya mwisho akapitwa hakuchoka, alichorwa apitwe. Kushangilia kunaruhusiwa, lakini kusoma "fomu" yake ni sawa na kusoma fomu ya kete ya ludo. Kete haina kumbukumbu. Ikitoka sita mara tatu, haijui kama ilitoka sita mara tatu.

Kwa hiyo programu inayodai "imesoma mzunguko wa mbwa" wa kibandani inasoma nini? Hakuna mzunguko. Kilichopo ni makato. Mfano, kama mbwa wote sita wangekuwa na nafasi sawa, odi ya haki ni 6.00. Ukipewa 5.10, ukaweka buku kila raundi kwa raundi sita, ukapatia moja kama bahati inavyotaka, umetoa 6,000 umerudi na 5,100. Hiyo 900 ni ya mwenye kibanda. Boti haiifuti hiyo 900, inakusaidia tu kuilipa haraka zaidi, kwa sababu yenyewe haichoki kubonyeza.

Na angalia vizuri ile mikeka ya kijani ya mastaa. Mingi ni ya mbwa wa katuni, haina farasi wa Hong Kong wala mbwa wa Manchester.

SASA MBONA INAPATIA?

Hili ndo swali la wanaotetea. "Lakini mbona jamaa yangu kapewa tatu mfululizo zikaja?"

Jibu lilishaonyeshwa kwenye runinga ya Uingereza mwaka 2008. Mtumbuizaji maarufu Derren Brown alitengeneza kipindi kinaitwa The System. Dada mmoja wa kawaida alikuwa anapokea ujumbe wa farasi atakayeshinda. Wa kwanza akashinda. Wa pili akashinda. Mpaka watano. Dada akaamini kabisa kuna mfumo, akaenda kutafuta hela ndefu kwa ajili ya mbio ya sita.

Siri yake? Brown hakuanza na mtu mmoja. Alianza na watu 7,776, akawagawa makundi sita, kila kundi likapewa farasi wake. Kundi moja likashinda, watu 1,296. Waliobaki hawakutafutwa tena. Hao 1,296 wakagawiwa sita tena, wakabaki 216. Halafu 36, halafu 6, halafu dada wa watu peke yake, anayeamini kapata muujiza. Alikuwa ni mabaki ya hesabu. Na farasi wa sita, yule aliyetolewa jasho, alishindwa. Kipindi kiliishia kwa kumwokoa dada kwa tiketi nyingine. Kwenye Telegram hamna anayekuja na tiketi nyingine.

Kwenye kipindi hicho hicho alirusha sarafu ikatoka upande mmoja mara kumi mfululizo, mbele ya kamera, bila kukata video. Alirekodi zaidi ya saa tisa mpaka ikatokea. Watazamaji walionyeshwa dakika moja ya mwisho.

Sasa rudi kwenye stori za staa wako. Ana mashabiki laki kadhaa. Ana magrupu mangapi? Kila grupu linapewa mbwa gani? Ile mikeka iliyochanika inapostiwa wapi? Mtu mwenye watu wengi hivyo hahitaji boti yoyote ili kila siku awepo mtu wa kusema "kaka imejibu". Wingi wa watu tu unatosha.

HELA YA STAA INATOKA WAPI

Hapa ndo panapouma. Wengi wanadhani staa anakula ile elfu 30 peke yake. Angalia linki anayokuambia ujisajilie. Biashara ya kuletea kampuni za kubeti wateja inafahamika dunia nzima, na moja ya njia za kawaida za kumlipa mleta wateja ni kumpa asilimia ya kile ambacho wateja wake wanapoteza. Sio wanachoshinda. Wanachopoteza.

Kama staa wako yuko kwenye mpango wa namna hiyo, basi ile boti ikipatia kweli, yeye anapata hasara. Anayekuita "mdogo wangu twende kazi" analipwa siku mdogo wake anapolia. Kama hayuko kwenye mpango huo, ni rahisi sana, aseme.

Na vilio vipo. Chini ya posti moja ya yule mtangazaji, kijana mmoja aliandika kistaarabu kabisa: "Kaka shikamoo. Nimefuata boti siku nne, boom lote limeisha na chuo ndo kwanza kimefungua. Naomba hata ushauri." Majibu yaliyokuja: "Dogo hukufuata maelekezo. Mtaji unasimamiwa." Baada ya saa moja komenti haikuwepo na kijana kapigwa bloku. Bahati mbaya kwao skrinishoti ilikuwa imeshazunguka mjini.

Hilo jibu la "hukufuata maelekezo" ndo ufunguo wa mchezo mzima. Ikipatia, boti kali. Ikikosea, wewe mjinga. Hakuna matokeo yoyote duniani yanayoweza kuonyesha kwamba boti ni mbovu, na kitu kisichoweza kuonekana kibovu hata siku moja hakijawahi kupimwa. Benter mwenyewe alikubali kwenye hesabu zake kwamba programu ilikuwa inapoteza, ndo maana akairekebisha.

Wapo watakaosema mtu mzima anajiamulia, hela yake. Sawa, na kubeti kwa kampuni yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa mtu wa miaka 18 na kuendelea sio kosa. Mtu akiweka buku lake Jumamosi akacheka na washkaji, hamna ubaya, kalipia burudani kama aliyelipia kiingilio cha mpira. Lakini kujiamulia kunahitaji ukweli mezani. Aliyeambiwa "hii ni bahati nasibu" akaweka buku kajiamulia. Aliyeambiwa "kompyuta inajua" akaweka ada, kaamuliwa.

Wapo pia watakaosema mastaa nao wana njaa, muziki haulipi, muvi hazilipi. Hilo nalo lina ukweli na linastahili siku yake. Ila shabiki aliyekupa streming, akakupigia kura kwenye tuzo, akakutetea kwenye komenti usiku wa manane, ndo mtu wa mwisho duniani wa kumuuzia mbwa wa katuni.

Kwa hiyo kabla hujatuma elfu 30, muulize staa wako mambo matatu, hadharani, chini ya posti yake. Moja: unalipwa na nani, na unalipwa tukishinda au tukipoteza? Mbili: mikeka yote ya mwezi uliopita iko wapi, iliyokuja na iliyochanika, kabla ya mbio na sio baada? Tatu: hao mbwa ni wa uwanja gani, nchi gani? Hilo la tatu peke yake linatosha kumnyamazisha mtu wiki nzima.

Akijibu yote matatu bila kukubloku, mheshimu. Akikubloku, hongera, elfu 30 yako umeiokoa.

Wadau, nani kashawahi kununua hizi boti? Ilidumu siku ngapi, na ulipouliza ulijibiwa nini? Tiririka hapo chini, majina ya watu yaache.